Pakiti Kumi, Vikombe Viwili

Wajukuu wangu wawili nimewalea kwa vitendawili tangu walipojua kusema. Jioni tukikaa kuchambua ndakala, dagaa wa ziwa letu, mimi natega, wao wanabahatisha. Mwezi wa saba, upepo wa ziwa ulipoanza kuuma, niliwategea hiki: nyumba yangu paa lake ni zima, lakini kiangazi kikifika inavuja kwenye milango yake miwili. Wilfried hakujibu. Siku nyingine angekuwa amekwisha kuropoka kabla sijamaliza. Ni Laure aliyesema kwamba hiyo ni pua, tena pua ya Wilfried, na kweli inavuja. Tukacheka. Nilipomshika Wilfried shingoni nikakuta moto.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Jumamosi alfajiri Laure naye akaamka anatetemeka.

Watoto hawa ni mapasa. Walizaliwa siku moja miaka tisa iliyopita, Laure mbele, Wilfried nyuma. Kwetu sisi Waluba mapasa majina yao yanawangoja kabla hawajazaliwa: wa kwanza ni Kyungu, wa pili ni Kabange, awe wa kike au wa kiume. Majina ya ubatizo yanakuja baadaye. Mama yao, binti yangu Huguette, anauza vikwembe, vitenge vya kujifunga, kule Kabalo na anakuja hapa Kalemie mara tatu kwa mwaka, kwa hiyo mimi ndiye ninayewalaza na kuwaamsha.

Mapasa wana sheria yao. Kinachoingia mkononi mwa mmoja kiingie mkononi mwa mwingine, siku ileile, kipimo kilekile. Kitambaa cha nguo kinakatwa kwenye jora moja. Samaki akiwa mmoja anapasuliwa katikati, kichwa nacho kinapasuliwa. Hata Wilfried nikimchapa kwa utundu, Laure namgusa mkono kidogo, naye anaona raha kuliko inavyofaa. Asiyepewa anahesabu kwamba hatakiwi, na asiyetakiwa anaondoka. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na mimi nilifundishwa hayo kuliko wengine, kama nitakavyosema.

Nikawafunga vikwembe kifuani nikawapeleka kituo cha afya, juu kule Kataki, kwenye pikipiki moja sisi watatu na dereva. Kituoni walikuwa wanafanya utafiti wa dawa mpya ya gripe, homa ya mafua, kwa watoto. Mwenye kuuongoza alikuwa Elodie, mtoto wa mtaa wetu. Alikwenda Lubumbashi kusomea ufamasia akarudi baada ya miaka sita na miwani mizito. Nilimjua tangu alipokuwa anaiba mapera uani kwangu. Sasa watu wazima wanasimama anapopita.

Aliwaingizia kijiti cha pamba puani, mmoja mmoja, akangoja, akaniambia wote wawili ni gripe. Akauliza homa ilianza lini. Nilisema kweli: Wilfried Jumatano, Laure usiku wa kuamkia leo. Akaandika. Kisha akanieleza kwamba dawa ile lazima ianze kabla siku mbili hazijaisha tangu homa ianze. Laure angeweza kuingia katika utafiti. Wilfried amechelewa. Yeye atapewa dawa ya kushusha homa, na mimi nimwangalie pumzi.

Nilimwuliza dawa hiyo inafanya nini hasa, maana sipendi kummezesha mtoto kitu nisichokijua. Elodie alivua miwani. Alimkumbuka marehemu mume wangu, Papa Hippolyte, aliyekaa miaka thelathini katika biro, ofisi ya reli, akipiga muhuri karatasi za mizigo.

"Mwili uko kama biro ya Papa," alisema. "Ndani mule barua zinatoka kila saa zinaamrisha kazi, na barua isiyo na muhuri hakuna muntu anaisoma. Virusi ya gripe inaingia na barua zake, lakini muhuri haina. Sasa inafanya nini? Iko na mukasi mudogo. Inakata muhuri kwenye barua zetu, inabandika kwenye barua zake. Biro yote inaanza kumutumikia mwizi."

Nilielewa palepale. Hippolyte alikuwa anarudi nyumbani na muhuri mfukoni, kwa hofu ya kuibiwa. Alisema kwamba mwizi wa mali anakuachia nyumba, mwizi wa muhuri anakuwa wewe.

Dawa, Elodie akaendelea, ni kitu kidogo sana, kidogo kuliko virusi yenyewe mara nyingi. Watu wa maabara walijaribu vitu vidogo kama hivyo maelfu, kimoja baada ya kingine, miaka na miaka, mpaka wakapata kinachoenea sawasawa katikati ya meno ya ule mkasi. Kinakaa pale, mkasi haufungi tena. Mihuri inabaki kwenye barua zetu wenyewe.

Akanisomea karatasi ya kukubali, mstari kwa mstari, kwa Kiswahili. Boksi lina pakiti kumi za unga wa kuchanganya na maji: moja asubuhi, moja jioni, siku tano. Maboksi mengine yana dawa, mengine yana unga mtupu unaofanana nayo, na hakuna mtu Kalemie anayejua lipi ni lipi, hata yeye. Ndiyo njia ya kupima kwa haki. Halafu akaweka kidole kwenye mstari mmoja akausoma mara mbili. Pakiti zote kumi zinywewe na mtoto mmoja, zisipungue. Dawa ikiwa kidogo, mikasi mingi inazibwa lakini ile yenye meno yaliyopinda kidogo inaponyoka, na hiyo iliyoponyoka ndiyo inayozaa. Baadaye dawa haitawafaa hata wengine.

"Mama Philomène, umesikia mustari huu?"

Nilisikia. Nikauliza kama Wilfried hawezi kupata boksi lake, hata la unga mtupu. Akasema hawezi, sheria haikuandikwa na yeye. Nikauliza mara ya pili kwa njia nyingine, kama wazee tunavyofanya. Akajibu vilevile, kwa upole, bila kuniangalia. Nikaandika jina langu. Masista walinifundisha mwandiko mzuri, ingawa niliishia mwaka wa tano wa shule ya msingi.

Nyumbani niliwalaza kwenye mkeka mmoja. Saa ya kunywa pakiti ya kwanza ikafika. Nilichemsha maji, nikayapooza, nikachukua kikombe. Mkono wangu wenyewe ukachukua na cha pili.

Mimi pia ni Kabange. Nilizaliwa Mpala, ambako baba yangu aliletwa kutoka upande wa Manono kuwachongea mapadri viti vya kanisa. Kyungu wangu alikuwa mvulana. Mwaka wa waasi tulikuwa na miaka saba, njia ya ziwa imefungwa, na kifua kikatushika wote wawili. Kwenye zahanati ya misioni ilibaki chupa moja. Sista alitutazama, akampa yule aliyekuwa bado anaweza kumeza. Nilikunywa siku tatu, ndugu yangu yuko ubavuni kwangu kwenye mkeka, anakifuata kijiko kwa macho kinavyokuja kwangu. Siku ya nne wakamwondoa. Bibi yetu alisema mbele ya watu wote kwamba Kabange amekunywa kikombe cha Kyungu. Hakuna aliyekanusha. Nimeolewa na neno hilo, nimezaa nalo, nimemzika mume nalo.

Kwa hiyo nilimimina nusu kwa nusu. Niliviinua vikombe mbele ya dirisha kuhakikisha maji yamelingana. Laure, anayeniita Kambo kama wajukuu wa kwetu wanavyowaita bibi zao, alikuwa ananitazama.

"Kambo, Mama Elodie alisema ni yangu peke yangu."

Nikamwambia anywe. Wilfried akanywa chake, akakunja uso, akasema dawa hii chungu kama maneno ya mwalimu wao wa hesabu. Nikachukua fishi, kadi aliyonipa Elodie, yenye vyumba kumi vidogo, nikaweka msalaba kwenye chumba cha kwanza.

Nilifanya hivyo mara kumi.

Wilfried alipona. Siku ya tatu ya vikombe aliomba sombe, majani ya muhogo, siku ya nne akatoka uani kurushia mbuzi wa jirani mawe. Nilijisifu moyoni. Sikutaka kuhesabu kwamba kwake ilikuwa siku ya saba ya homa, na kwamba pengine angeinuka hata kwa maji matupu. Laure naye alianza vizuri. Homa yake ilishuka siku ya pili, akakaa, akanitegea kitendawili alichokitunga mwenyewe kuhusu miwani ya Elodie, sikukiweza. Siku ya tano homa ikarudi. Siku ya sita mbavu zake zilikuwa zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, na midomo imegeuka rangi ya majivu.

Hospitalini walimweka kwenye oksijeni siku sita. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa pembeni ya kitanda, Wilfried akiwa kwa jirani. Nilimpigia Huguette simu, akasema anatafuta treni. Treni ya Kabalo mtu haiwekei saa.

Elodie alikuja kila siku. Alichukua tena vijiti vya pamba vya puani, akavifunga katika sanduku la barafu ili ndege ivipeleke maabara ya Kinshasa. Siku ya pili pale aliniomba zile pakiti. Nilimpa zote kumi, zimepasuliwa, hazina kitu, na fishi yenye misalaba kumi iliyonyooka. Alizihesabu. Akaniuliza kama mtoto alizinywa zote, nikasema pakiti zote zimekwisha. Haikuwa uongo jinsi nilivyolipanga jibu lile. Basi akainama juu ya kitanda akamwuliza Laure mwenyewe.

Laure alikuwa na kinyago cha hewa usoni. Alinitazama mimi kwanza. Kisha akatikisa kichwa kukubali, na ili isiwe na shaka akakiinua kinyago kidogo.

"Zote," alisema.

Akarudi kuhema. Elodie aliandika.

Mungu alimrudisha. Siku tuliyotoka hospitali Huguette alikuwa amekwisha kufika, akalia, akanishukuru kwa kumwokolea mtoto. Nilimwambia akaoge, ametoka mbali. Baada ya wiki akarudi kwenye biashara yake.

Lakini Laure hakuwa yule. Kikohozi kilibaki. Shule yao iko juu ya kilima, na yeye aliyekuwa anakipanda kwa kukimbia sasa aliishia katikati, anakaa juu ya jiwe na daftari zake. Nikawa namwacha nyumbani. Tulikaa wawili mchana, hatuongei sana. Vitendawili sikutega.

Wiki ya nne, Ijumaa baada ya saa za kazi, Elodie alikuja nyumbani. Nilimpa kiti, hakuegemea. Alisema majibu ya Kinshasa yamekuja. Katika kijiti cha siku ya kwanza virusi vya Laure vilikuwa vya kawaida. Katika kile cha hospitali mkasi wao umegeuka, meno yamepinda mahali palepale dawa inapokaa. Dawa haivishiki tena. Na kuna mtoto mwingine, katika mji mwingine, aliyeonekana hivyohivyo. Watoto wawili waliokunywa pakiti zote kumi bila kukosa, dawa ikashindwa miilini mwao.

Nilimwuliza maana yake nini. Akasema Jumatatu wakubwa wa utafiti wanakutana kwa simu. Wakiona kwamba hata mtoto anayekunywa kipimo kizima anazaa virusi visivyosikia dawa, watafunga sehemu ya watoto. Dawa itabaki kwa watu wazima, na kwa watoto haitajaribiwa tena, labda kwa miaka mingi.

"Na watoto wengine wote ambao kwao dawa haikushindwa?" niliuliza.

Akasema hao hawatafutwa, lakini mbele ya wakubwa, hawa wawili waliokwenda vibaya wanasemwa kwa sauti kuliko wazuri wote.

Nikamtegea swali, na nilijua ninachotega. Kama boksi la Laure lilikuwa na unga mtupu, je, virusi vingepinda meno kwa sababu gani? Elodie aliangalia mikono yake.

"Haruhusiwi muntu kubahatisha, Kambo," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita Kambo tangu arudi na miwani. Alikuwa amenijibu. Kumbe wiki zote hizo, kila nilipomwona Laure amekaa kwenye jiwe, nilikuwa najifariji kwamba pengine niligawa unga tu, na nusu ya unga ni sawa na unga. Haikuwa unga.

Alipoondoka nilikwenda kuosha sahani ambazo zilikuwa zimekwisha kuoshwa. Laure alikuja akasimama nyuma yangu. Alikuwa amesikia yote, ukuta wetu wa mbao hauzuii neno. Nilidhani atauliza kama atapona. Hakuuliza hilo.

"Kambo," alisema, "siku ile nilidanganya vizuri?"

Sikuweza kugeuka. Aliuliza kama anavyouliza kama amefagia vizuri, au kama amesonga bugali vizuri, anangoja nimsifu. Nilikuwa nimemlea miaka tisa nikimfundisha kutaja jibu lililo kweli, na jambo la kwanza kubwa alilonifanyia duniani, akiwa anagombania pumzi, lilikuwa kunifunika mimi. Nilimwambia akae chini. Nikamwambia kwamba alidanganya vizuri sana, na kwamba kosa halikuwa lake hata kidogo, na kwamba kesho nitakwenda kwa Elodie kusema kweli. Akauliza kama watanifunga. Nikasema sijui. Akafikiri. Akasema basi yeye na Wilfried watakuja wote wawili kuniletea chakula. Tukacheka kidogo, na kicheko kikamtia kikohozi.

Asubuhi nilivaa kikwembe cha misa ingawa ilikuwa Jumamosi. Nilimkuta Elodie kituoni, peke yake katika biro yake, anapanga makaratasi ya Jumatatu. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi njiani. Yalipofika yalikuwa machache.

"Niligawa, mwanangu. Nusu ya Laure, nusu ya Wilfried. Pakiti zote kumi."

Nikamweleza vikombe, dirisha, misalaba. Nikamweleza chupa ya Mpala na kijiko, jambo ambalo hata Hippolyte sikumweleza lote. Elodie hakuinua kalamu. Nilingoja anikaripie, kwa maana alikuwa na haki, na kwa maana nilitaka kukaripiwa. Alivua miwani akaiweka juu ya makaratasi.

"Nilijua ni mapasa," alisema. "Tarehe ya kuzaliwa niliiandika mara mbili kwa mukono wangu. Na kwetu kuko mapasa, Kambo. Mama yangu alikuwa anatupiga sisi wengine kwa ajili yao. Nilijua na sikukuuliza. Nilisema, mambo ya nyumbani yabaki nyumbani, hapa ni kazi. Ulipouliza mara ya pili sikukuangalia."

"Nilikuona."

"Njo hiyo sababu yake: nilijua."

Nje wamama walikuwa wanaita watoto wao kwenye foleni ya chanjo. Nilimwuliza akiyaandika haya atafikwa na nini. Akasema pengine wataichukua kazi wampe mwingine, maana ni yeye aliyetia sahihi kwamba boksi limenywewa sawasawa. Nikasema basi aandike kwamba mimi nilimdanganya, ambayo ni kweli. Akasema ataandika hiyo, na ataandika ya kwake pia, kwa sababu ya kwake nayo ni kweli.

Nikaomba karatasi. Sikutaka yaandikwe na mwingine. Niliandika kwa mwandiko wa masista, kwa Kiswahili, pole pole, kila kitu: siku, saa, vikombe vilikuwa vya rangi gani, kwamba maji nililinganisha mbele ya dirisha, kwamba mtoto alisema uongo kwa sababu alinitazama. Nilijaza kurasa mbili. Nikatia jina langu la ubatizo, na chini yake nikatia na Kabange, jina ambalo sijaliandika popote tangu utoto. Elodie alisoma yote. Akafungua droo, akatoa muhuri wa kituo, akaupiga chini ya jina langu. Ulisikika mezani kama zamani katika biro ya Hippolyte. Nilifikiri: hii sasa itasomwa.

Jumatatu waliongea kwa simu saa tatu nzima. Munganga mmoja wa Kinshasa, daktari aitwaye Germain, alitaka kunisikia mwenyewe. Nilidhani ni mzee, kumbe sauti yake ya kijana. Aliniuliza maswali kama ya polisi, kisha akaniuliza swali moja si la polisi: je, nyumba nyingine Kalemie wangefanya kama mimi? Nikamwambia aende akaulize vizuri, bila fishi mkononi.

Laure walimtoa katika hesabu. Sehemu ya watoto haikufungwa, lakini Kalemie walisimamisha kazi mwezi mzima, wakapita nyumba kwa nyumba kuuliza upya. Walipata nyingine tatu zilizogawana. Mbili hazikuwa na mapasa hata. Zilikuwa tu na watoto wawili wagonjwa na mama mmoja. Ule mji mwingine nao wakaenda kuuliza. Jibu lake sijalisikia bado. Elodie walimwandikia barua kali, na wakamletea mkubwa juu yake, bwana mmoja asiyejua mtaa wowote. Bado anafanya kazi pale. Miwani hajabadilisha.

Kazi ilipoanza tena aliniita, nikadhani kuna karatasi nyingine ya kusaini. Alitaka rai. Sasa pakiti zinanywewa kituoni, asubuhi na jioni, mbele ya macho ya muuguzi. Lakini mtoto akija na ndugu yake mgonjwa, wamama bado wanamwangalia yule asiyepewa, na nusu ya dawa inatoka kwa siri, mdomoni mwa mtoto au kwenye kikwembe. Yeye hajui awaambie nini.

Nikamwambia ongeza kikombe. Katika kimoja tia dawa, katika cha pili tia maji na sukari, mama aambiwe wazi ni maji na sukari, na watoto wanywe pamoja, kwa hesabu moja. Mapasa wanadai vikombe viwili. Hawajawahi kudai kwamba ndani yake muwe na kitu kimoja. Nilipokuwa nalisema ndipo nililisikia. Ningeweza kufanya hivyo tangu pakiti ya kwanza. Na Mpala, Sista akiwa na chupa yake moja, hakuna mtu katika nyumba ile nzima ya watu wazima aliyekumbuka kumpelekea ndugu yangu kijiko cha maji matamu, akakishika naye mdomoni wakati mimi nameza. Hangepona. Lakini macho yake yasingekifuata changu.

Elodie aliuliza kwa nini nimenyamaza. Nikamwambia nahesabu sukari.

Sasa nakwenda kituoni siku tatu kwa juma, kushika kile kikombe cha pili. Wakubwa walikataa kwanza, kisha wakakubali, wakataka liandikwe kwenye fishi kama kinywaji. Watoto nawategea mwizi wa muhuri wakati wanangoja: haibi nguo, haibi sufuria, anaiba muhuri tu, na nyumba yote inamtumikia. Wengi hawakipati. Mmoja alisema ni meya.

Laure amerudi shule. Munganga anasema kifua chake kinaweza kufunguka kabla ya masika kuisha, au kikabaki hivyo, hajui. Asubuhi nasimama mlangoni nawaangalia wanavyopanda. Anasimama mara tatu kabla ya kufika juu. Wilfried, ambaye hachoki, anasimama mara tatu naye. Sikumwambia afanye hivyo.